Ngitili ya Ndege

Minza na Rajabu, siku mliyoniaga mlinipa kanga, keki na kazi. Kanga nimeivaa, keki wajukuu waliimaliza kabla sijaionja, na kazi ndiyo hii. Mlitaka niwaandikie jinsi tulivyokitunza kiwanja cha ndege cha Bariadi kabla yenu, ili msije mkaanza kila kitu upya. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilifika kiwanjani asubuhi moja ya msimu wa mvua, msichana mwenye viatu vipya, nimeajiriwa kufyeka nyasi. Aliyenipokea alikuwa Mzee Jilala, mwangalizi wa kiwanja, mtu wa Shishiyu aliyechunga ng'ombe miaka mingi kabla serikali haijamwajiri. Hakuniuliza barua. Aliniuliza nyumbani kwetu wanaendeleaje, akaja kwa baba, akaja kwa mama, akaja kwa mvua, akamalizia na mifugo, tena kwa utaratibu huo huo. Mimi, mtoto wa kijiji cha Zagayu niliyelelewa vizuri, nilijibu kila swali. Tulipomaliza jua lilikuwa limepanda, na ndipo akanitazama miguuni akaniambia nivue viatu.

Nilidhani ni adabu ya kwao. Kumbe ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Tulitembea peku njia yote ya kurukia, yeye upande wa kulia na mimi wa kushoto, polepole, tukipapasa changarawe kwa nyayo. Alisema jicho ni vivu, linaruka vitu, lakini unyayo hauruki kitu. Siku hiyo unyayo wangu uliokota nati moja, kipande cha chupa, na shimo la panya ambalo jicho langu lilikuwa limelipita bila salamu. Rajabu, najua unaona aibu kutembea peku mbele ya abiria. Tembea kabla hawajaja.

Ndege zilikuwa chache wakati ule. Ilikuja ya mkubwa fulani, ikaja ya daktari, ikaja ya wanunuzi wa pamba, kisha tukakaa majuma tukilinda upepo. Sokoni watu walinitania, wakiniuliza ndege zangu zimetaga lini. Niliwajibu kwamba zinaatamia, wasipige kelele.

Adui yetu hakuwa uchache wa ndege. Alikuwa ng'ombe. Kiwanja kilikuwa na kibao kikubwa cha kukataza watu na mifugo, kimeandikwa Kiswahili na Kiingereza, na ng'ombe hawakusoma hata lugha moja. Kabla sijafika, Mzee Jilala alikuwa ameshajaribu fimbo, filimbi na matusi. Ng'ombe wakiondoka asubuhi walirudi mchana, kwa sababu nyasi za kiwanjani zilikuwa ndefu na za nje zimekwisha. Ndipo akafanya jambo ambalo halimo katika mwongozo wowote wa viwanja vya ndege. Alikwenda kwenye mkutano wa kijiji akaomba kiwanja kitangazwe kuwa ngitili.

Rajabu, wewe ni mtu wa Tanga, kwa hiyo acha nikueleze. Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza. Likishafungwa hakuna anayeingiza mnyama, hata mwenye eneo, mpaka kiangazi kikaze na wazee waseme lifunguliwe. Anayevunja anapigwa faini mbele ya majirani, na faini ni nafuu kuliko majirani wenyewe. Mtu anaweza kubishana na mkuu wa wilaya. Kwenye ngitili habishani, maana kiangazi kijacho naye atahitaji nyasi.

Makubaliano yalikuwa mepesi. Ndani ya mawe meupe yaliyopangwa kando ya njia, pale ndege inapokanyaga, pamefungwa siku zote. Nje ya mawe, pande zote mbili, pamefungwa masika, na kiangazi panafunguliwa kwa zamu. Mifugo ikapata nyasi, na sisi tukapata wafyekaji wasiodai posho. Tangu hapo sikumfukuza mchungaji kwa fimbo. Nilikwenda, nikamsalimia, nikamwambia maneno mawili tu: ngitili imefungwa. Alinyanyua fimbo yake akageuza ng'ombe. Lilikuwepo dume moja la Mzee Maduhu lililopenda kuota jua katikati ya njia, lakini hilo halikuhudhuria mkutano.

Niwaambie pia habari ya mfuko wa upepo, ule wa kumwonyesha rubani upepo unakoelekea, maana mmeletewa mpya na mnadhani daima ulitoka dukani. Wa kwetu ulipochakaa nilimpelekea Bi Zainabu, fundi cherehani wa sokoni, kitambaa cha rangi ya chungwa na maelezo. Alishona vizuri sana, mshono wa kunyooka. Tulipoupandisha mlingotini ulijaa upepo ukasimama dede, umevimba kama mguu wa mgonjwa, haugeuki huku wala kule. Bi Zainabu alikuwa ameuziba mwisho. Nilipomrudia aliniuliza kwa upole, mfuko usio na kitako ni mfuko gani? Tulicheka mpaka wateja wake wakasogea kuuliza kuna nini. Akaufumua bure, na toka siku ile akiona ndege inapita juu husema ile inaongozwa na yeye.

Mzee Jilala alistaafu, nikabaki mimi. Alihamia nyumba ya karibu ili aweze kuja kukosoa. Kila asubuhi alisimama nje ya mawe, mikono nyuma, akiangalia nyayo zangu zinakwenda wapi. Alikuwa na hamu moja tu hapa duniani: kuona ndege ya abiria wa kawaida, ndege ya kununua tiketi kama basi, ikitua kwenye kiwanja chake. Alinieleza hamu hiyo mara nyingi kiasi kwamba ikawa yangu.

Kisha zikaja habari mbili kwa pamoja. Ya kwanza, kampuni moja ya ndege ndogo ilikuwa inafikiria safari kati ya Mwanza na Bariadi, na ingeleta ndege siku moja kujaribu. Ya pili, wapima ardhi walikuwa wameshapiga vigingi vyekundu upande wa mashariki, kwa sababu wakubwa waliona kiwanja kisicho na ndege ni heri kikatwe viwanja vya nyumba. Mambo yalikuwa wazi. Ndege ikitua salama siku ya majaribio, kiwanja kinabaki. Ikishindwa ikarudi Mwanza, vigingi vinaendelea. Mzee Jilala alikuja akavitazama vile vigingi muda mrefu.

Sasa tuzungumze umbali, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Kwa basi, ukitoka Mwanza unapita Magu, unafika Lamadi, unanunua samaki ambao hukuwa umepanga kununua, unaliacha ziwa nyuma na kukunja kuja Bariadi. Asubuhi yote inaishia njiani. Ndege haijui Lamadi. Inakata moja kwa moja, na kwa ndege ndogo kama ile ni nusu saa hivi, upepo ukiwa na adabu. Niliwaeleza wazee wa kamati ya mapokezi, ambayo mwenyekiti wake alikuwa, bila shaka, Mzee Jilala. Walitikisa vichwa. Nikawaambia pia kwamba watu wote wasimame nje ya mawe. Wakatikisa vichwa tena.

Lakini kichwa kinaweza kutikisika na mazoea yakabaki palepale. Kwetu mgeni wa heshima huchinjiwa akishatoka kwake, si kabla. Ukichinja mapema umejitia unabii, maana anaweza asije. Kwa hiyo mgeni wa Mwanza akipiga simu kwamba amepanda basi, ng'ombe anaangushwa, anachunwa, anapikwa, na mgeni akifika anakuta mvuke. Hesabu hiyo ilikuwa haijawahi kukosea.

Asubuhi ya majaribio watu walifurika. Walikuwepo wanafunzi, wauza karanga, wacheza ngoma wa vikundi viwili vinavyoshindana, na Bi Zainabu aliyekuja kuukagua mfuko wake. Simu ikaita kutoka Mwanza: imeruka. Nikamwambia Mzee Jilala. Akageuka kwa vijana waliokuwa na ng'ombe nyuma ya kibanda chetu cha kiwanjani akawaambia waanze. Nikamwambia, baba, ndege itafika ngozi haijatoka. Wazee wote wakacheka kwa huruma, wakanikumbusha kwamba Mwanza ni Mwanza.

Ngozi ilikuwa imefika mapajani tuliposikia mlio.

Nataka mwielewe aibu ile, hasa wewe Rajabu. Mgeni yuko mlangoni na jiko halijawashwa. Mwenyeji aliyepatwa na hilo ana dawa moja tu: amfuate mgeni mbali zaidi. Unakwenda kumpokea njiani, unampokea mzigo, unamsalimia kwa kirefu, unaimba, unatembea naye polepole, na wakati huo sufuria inachemka. Ni dawa nzuri. Imeokoa heshima za nyumba nyingi Usukumani. Mzee Jilala, ambaye maisha yake yote hakuruhusu hata mbuzi avuke mawe yale, alinyanyua fimbo yake, akavuka, na kuelekea magharibi kumpokea mgeni njiani. Kamati ikamfuata. Ngoma zikaifuata kamati, na mji wote ukafuata ngoma.

Redio yangu ikakoroma. Rubani aliniuliza kwa utulivu mbona kiwanja kina watu. Nilimjibu kwamba ni wenyeji, wanakuja kumpokea.

"Mama, nazunguka mara moja," akasema. "Nikirudi wakiwa bado wapo, naenda zangu Mwanza."

Nilikimbia. Nilipuliza filimbi, wapiga ngoma wakadhani nimejiunga nao, wakaongeza. Nilipunga mikono, akina mama wakanipungia. Ndege ilipita juu yetu, watu wakapiga vigelegele, na mimi moyo ulikuwa unanitoka. Niliviona vile vigingi vyekundu upande wa mashariki. Nilijua kumshika mmoja mmoja haiwezekani. Palikuwa na mtu mmoja tu wa kumsimamisha, naye alikuwa mbele kabisa, na mimi sikuwa na umri wala ubavu wa kumfokea. Angekuwa ng'ombe ningejua la kufanya.

Hapo ndipo nikajua la kufanya. Nikampita mbio, nikageuka, nikapiga magoti kwenye changarawe mbele yake, kama binti anavyomsalimia mkubwa wake. Hakuna mzee wa Kisukuma anayempita mtu aliyepiga magoti kumsalimia, hata kama nyumba inaungua. Akasimama. Wote nyuma yake wakasimama.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mwanangu."

Angeanza kuniuliza habari za nyumbani. Sikumpa nafasi.

"Baba," nikamwambia, "ngitili imefungwa."

Alinitazama. Akatazama miguu yake, akatazama mawe meupe kulia, akatazama mawe meupe kushoto, na nikaona uso wake unabadilika kama mtu aliyeamshwa. Nilitamani ardhi inimeze, kumwambia maneno hayo mtu aliyenifundisha. Yeye hakukasirika. Aligeuka, akanyanyua fimbo juu, ngoma zikafa.

"Ngitili imefungwa," akasema kwa sauti ya mchungaji. "Tokeni."

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Nusu walitoka kulia, nusu kushoto, mabibi wakiwashika wajukuu mikono, na wale wacheza ngoma wakaenda kinyumenyume ili wasiwape wenzao mgongo. Ndege ilipomaliza kuzunguka, njia ilikuwa nyeupe. Ilishuka, ikagusa, ikatimua vumbi, ikasimama karibu kabisa na kibanda. Nililia, na sikujali nani ananiona. Mzee Jilala alikuwa nje ya mawe, kofia mkononi, analia pia, ila yeye alisingizia vumbi.

Rubani alikuwa kijana mcheshi. Kila mzee aliyempa pole na safari alimjibu kwamba bado hajasafiri, ametoka kunywa chai sasa hivi. Alikuja na mama mmoja wa kampuni, mtu wa haraka, aliyetaka kuona kiwanja, kupanda na kuondoka. Wazee walimwonyesha ng'ombe. Wakamweleza kwamba kuondoka kabla nyama haijaiva ni kuwaambia watu wa Bariadi kwamba hataki kurudi. Alikuwa mwerevu, akavua viatu vyake virefu, akaketi. Kufika nyama mezani jua lilikuwa linateremka, naye alikuwa amefundishwa kucheza ngoma na vikundi vyote viwili, kila kimoja kikimwambia kwamba kile kingine kinakosea. Alipoaga aliniuliza aandike safari ya Mwanza na Bariadi inachukua muda gani. Nikamwambia nusu saa, ukiondoa chakula.

Safari zikaanza. Vigingi viling'olewa, viwili nimevifungia mbuzi wangu mpaka leo, na ni imara sana.

Mengine mengi mnayajua. Ila msisahau mizani. Mwanzoni hatukuwa na ya kupimia abiria na mizigo, tukaazima ile ya kuning'inia inayopimia pamba. Rubani aliipenda. Abiria hawakuipenda, maana mkulima wa pamba amezaliwa akijua kwamba mizani inamwibia. Mzee mmoja wa Migato alipima gunia lake la dengu, akaambiwa limezidi uzito, akagoma. Alisema maisha yake yote mizani ile humpunguzia, iweje leo imwongezee? Kuweni na subira na watu wa aina hiyo. Abiria wote waiteni mapema pia, si kwa ajili ya mizigo bali kwa ajili ya kuagana, maana ndege inaweza kusubiri upepo lakini haisubiri shangazi.

Nilipostaafu, kampuni ilinizawadia nafasi mbili, kwenda Mwanza na kurudi. Miaka yote ile niliwapandisha wengine, mwenyewe nilikuwa sijapanda. Nafasi ya pili hamkuhitaji kuuliza nilimpa nani. Mzee Jilala alivaa koti na viatu vilivyong'aa. Minza, wewe ndiye uliyempima, na alikulalamikia mizani.

Kwenda hakuona chochote. Aliketi karibu na mama mmoja mchuuzi wa samaki wa Lamadi, akaanza kumsalimia. Alimuuliza nyumbani, akamuuliza watoto, akamuuliza biashara, na mama wa watu akajibu vizuri na kumuuliza yeye. Walikuwa ndio wanaingia kwenye mvua ya mwaka huu magurudumu yalipogusa Mwanza. Alimwambia mhudumu kwamba hawajamaliza. Ilibidi nimshike mkono, na akaniambia kwa uchungu kwamba ndege ni kitu kizuri lakini aliyeitengeneza hakuwa na jamaa.

Kurudi nilimweka dirishani, na kiti cha pembeni nikakaa mwenyewe ili asipate wa kumsalimia. Ziwa likapita, mashamba ya pamba yakapita, kisha ndege ikainama na kiwanja chetu kikatokea chini. Alikitambua kabla yangu. Aliweka paji la uso kwenye kioo.

"Kumbe ni kadogo namna hii," akasema.

Nikaogopa kwamba amehuzunika, kwa miaka yote ile tuliyokipapasa kwa nyayo. Nikainama karibu naye kutazama. Niliwaona ninyi wawili mmesimama karibu na kibanda. Niliwaona watu waliokuja kutupokea, kumbe walikuwa wengi, wana ngoma, wamejipanga pande zote mbili nje ya mawe. Ng'ombe walikuwa wanakula nyasi upande wa mashariki, palipokuwa na vigingi. Katikati njia ilikuwa wazi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mzee Jilala aliipitia yote kwa macho, polepole, kama tulivyokuwa tukiitembea peku, na nikaona anatabasamu.

"Hamna hata ng'ombe mmoja," akasema.

"Wala mzee mmoja, baba," nikamjibu.

Alicheka mpaka tukatua.